Swali Nililolimung'unya

Jumamosi, 4 Agosti

Ndoa nane leo. Nane! Tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, na feni ya ukumbi wa baraza imekufa tangu Alhamisi. Moncef, karani wetu wa vizazi na ndoa, anasema fundi yuko njiani. Fundi huyo yuko njiani tangu siku tuliyochaguliwa.

Nimevaa utepe. Niseme kweli, maana humu hakuna anayesoma ila mimi: naupenda ule utepe. Mwekundu na mweupe, unashuka kutoka begani mpaka kiunoni, na Taher mume wangu anasema nikiuvaa natembea kama bata aliyeshinda tuzo. Aseme. Nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote ya kazi na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipigia kigelegele. Sasa mimi ni naibu wa meya, na kila Jumamosi napigiwa mpaka masikio yanaziba.

Ndoa ya tano ilikuwa ya Wided, binti wa Beshir muuza rangi, na Anis, mtoto wa Hajja Zakia wa ng'ambo ya barabara yetu. Wided nilimfundisha darasa la tatu. Sasa anapima damu hospitali ya mkoa, msichana makini, gauni jeupe lisilo na makeke. Alikuwa akinitazama mdomoni muda wote. Nilifurahi. Nikadhani ni ile heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake wa zamani.

Nikafika kwenye swali la mali. Nikalipitia kama kawaida. Kama kawaida ni hivi: kichwa chini, haraka, sauti ya mtu anayejisemea, na kwa jicho nawaonyesha wanawake wa nyuma kwamba ruhusa, anzeni. Wakaanza. Vigelegele mpaka vioo vikalia. Moncef alishaweka alama yake kwenye fomu: kila mtu na chake. Wakasaini. Wided aliishika kalamu kitambo, akainama kwangu. "Bado?" akaniuliza. Nikamwambia tumemaliza, binti yangu, hongera! Nikambusu mashavu yote mawili. Ya sita walikuwa wanasukumana mlangoni.

Jumapili, 5 Agosti

Miguu imevimba. Taher amenitilia maji ya chumvi kwenye beseni, akaniita Mheshimiwa Beseni. Jitu hili! Uzee huu wote na bado linajiona lina mzaha.

Karamu ya Wided ni Jumapili ya tarehe 19, siku mbili kabla ya Idi. Wanamngoja kaka wa Anis aje na familia yake kutoka Ufaransa. Mpaka siku hiyo bibi harusi anakaa kwa baba yake. Hajja Zakia ameshaanza kupaka chokaa ukuta wa mbele, na vumbi lote linaingia kwangu.

Nimekaa na lile neno la Wided. "Bado?" Bado nini? Labda alikuwa na kiu.

Jumanne, 7 Agosti

Hakuwa na kiu.

Amekuja saa kumi na moja, kutoka kazini moja kwa moja, bado ananuka ile harufu ya hospitali. Nikamkaribisha ndani, akakataa kukaa. Nikamletea sharubati ya lozi, akaishika tu.

"Lalla Naziha," akaniita kwa heshima, kama mtaa mzima unavyoniita, "ulituuliza saa ngapi?"

"Kuwauliza nini, mwanangu?"

"Mali. Pamoja, au kila mtu na chake. Nilikuwa nasubiri uulize."

Nikasema kitu, sikumbuki nini, kuhusu joto, feni, watu wengi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama vile mimi ndiye mtoto wa darasa la tatu.

Akanieleza. Mwezi wa tisa yeye na Anis wananunua nyumba. Mkopo unatoka kiwandani kwa Anis, kwa hiyo jina litakuwa la Anis. Mshahara wa Wided ndio utakaolipa nusu, kila mwezi, miaka na miaka. Wakakubaliana wao wawili tangu msimu wa baridi: mali ya pamoja. Hawakumwambia mtu. Wangemwambia Hajja Zakia mapema, ingekuwa vita ya mwezi mzima, na machozi, na shinikizo la damu. Lakini ukumbini, mbele ya watu, mwenye utepe anauliza, wewe unajibu, karani anaandika — basi! Nani ataanzisha ugomvi mbele ya utepe?

"Jibu lilikuwa hapa," akajigusa kooni. "Nilikuwa nalifanyia mazoezi garini."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu? Ungesema tu!"

"Nilidhani umeliweka mwishoni. Nilikuuliza, 'bado?' Na wewe ni mwalimu wangu. Ningedhani vipi kwamba mwalimu anaruka mstari?"

Hajja Zakia sasa anajua yote. Anasema msichana aliulizwa, akanyamaza, akasaini, na leo amefundishwa tamaa na mashoga zake wa hospitali. Anis amekwama katikati. Amemwambia Wided hivi: Lalla Naziha akisema hakuuliza, kesho tunakwenda kuandika upya, mama hatakuwa na la kusema. Akisema aliuliza, basi tuyaache.

Kwa hiyo ni mimi. Neno langu tu. Na kuandika upya ni kazi ya dakika tano, wote wawili wakija kusaini.

Nikamwambia: nitaliangalia.

Nitaliangalia! Ndivyo tunavyowajibu watu wa mtaa wa chini kuhusu taa za barabarani. Wided anakaa mtaa wa chini. Aliweka glasi mezani, imejaa vilevile, akaaga kwa adabu.

Jumatano, 8 Agosti

Usingizi hakuna. Niandike ilivyoanza, labda itakaa vizuri ikiwa kwenye karatasi.

Jumamosi yangu ya kwanza, mwezi uliopita, nililiuliza lile swali. Wazi, kwa sauti ya darasani: mali zenu ziwe za pamoja, au kila mtu na chake? Ukumbi ukanitazama kama vile nimetukana. Mjomba wa bwana harusi akavaa koti lake. Akasema wao wamekuja harusini, hawakuja mahakamani. Kama binti anahesabu matofali kabla ya kulala ndani, wamrudishe kwao. Mama wa bibi harusi akaanza kulia. Bibi harusi akasema haraka haraka, kila mtu na chake, kila mtu na chake, kama mtu anayeomba radhi. Walipotoka, Moncef akanipa maji. Akaniambia: Lalla, swali hili lisome kama unavyosoma tarehe. Wote waliokutangulia walilisoma hivyo. Nikajaribu ndoa iliyofuata. Hakuna aliyevaa koti.

Ndivyo ilivyoanza. Sikulazimishwa. Niliona ni busara. Aibu yangu, niliona hata ni upole.

Leo kikao cha baraza. Ajenda: kondoo. Masaa mawili na nusu juu ya kondoo! Wauzaji wawekwe wapi mpaka Idi: kiwanja cha mpira au nyuma ya soko la samaki? Mjumbe wa michezo anasema nyasi zitaliwa. Mjumbe wa afya anamjibu nyasi gani, pale hakuna nyasi tangu enzi za Warumi. Lori la taka lina tairi tatu. Mwenye mkahawa wa bandarini ameongeza viti njiani tena. Nikapiga kura mara nne na sijui nimepigia nini.

Baadaye nikamfuata meya, Bwana Chedly, ofisini kwake. Nikamweleza. Sikumtaja mtu. Akafunga mlango.

"Unataka kusema hukuuliza?"

"Niliuliza kwa sauti ndogo."

"Basi uliuliza."

Akanimiminia kahawa. Akasema ukimfungulia mmoja mlango, watakuja wote wa mwezi wa saba, wote wa mwezi huu, na waume zao, na mawakili. Akasema taka hatuondoi, taa hatuwashi, ndoa ndiyo kazi pekee ambayo watu wa mji huu wanatupigia vigelegele. "Unataka waache, Lalla?"

Nikanywa kahawa yake. Ilikuwa nzuri. Hilo nalo linaniudhi.

Alhamisi, 9 Agosti

Hajja Zakia amekuja na sinia ya makrudhi, zinachuruzika asali, tende zimejaa mpaka pembeni. Mikono ya yule mama haina mfano. Akakaa, akasifia pazia langu, akauliza mgongo wa Taher. Kisha:

"Lalla Naziha, wewe ni mtu wa haki. Watu wanasema maneno. Eti hukuwauliza watoto."

"Watu gani?"

"Watu! Nimewaambia, Lalla Naziha mwalimu mzima, anavaa utepe wa serikali, atasahau? Mimi nilikuwepo. Nilikuona midomo inakwenda."

Hapo ndipo. Nafasi ilikuwa mbele yangu, pana kama mlango wa msikiti. Kusema tu: Hajja, midomo ilikwenda lakini swali halikutoka.

Nikasema: "Kawaida tunauliza, Hajja."

Kawaida tunauliza. Si uongo, nikajiambia. Kawaida ndiyo tunauliza, sheria inasema hivyo. Nikachukua makrudhi nikatia mdomoni ili nisiongeze neno.

Akanibusu kichwani! Akashuka ngazi anaimba. Kabla sijaosha vikombe, nimesikia kwa dirisha akimwambia mke wa mwokaji mikate: Lalla Naziha mwenyewe kasema aliuliza, tena wazi.

Tena wazi. Hilo kaongeza yeye. Nami sikuchungulia dirishani kumkosoa. Nilikaa chini ya kizingiti cha dirisha, mtu mzima mimi, nisionekane.

Taher amekula makrudhi tano. Anauliza kwa nini mimi sili.

Jumamosi, 11 Agosti

Ndoa sita. Feni imetengenezwa.

Nimemung'unya zote sita.

Jumatatu, 13 Agosti

Sikukuu ya wanawake. Baraza limeandaa hafla uani: bendera, maji ya waridi, keki yenye picha ya mzeituni. Wanaume wa baraza wote wamekuja na mashada madogo ya asmini nyuma ya sikio, wananukia vizuri, wanatugawia maua sisi wanawake kama tumeruhusiwa kutoka hospitali.

Hotuba nimetoa mimi. Meya alishaamua tangu mwezi wa saba: mwalimu, mwanamke, naibu, nani zaidi? Nilikuwa nimeiandika zamani, kabla ya haya, na sikuibadili. Nikasoma kwamba katika nchi hii mwanamke hasemewi, anasema. Makofi. Nikasoma kwamba sheria zetu majirani wanazionea kijicho. Makofi. Nikainua macho.

Wided amesimama karibu na chombo cha maji ya waridi, na wenzake wa hospitali waliokuja kupokea cheti chao. Hakukunja uso. Alinisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande kidogo, vilevile kama alipokuwa dawatini. Nilipomaliza akapiga makofi pamoja na wengine. Makofi matatu manne, polepole. Kisha akachukua cheti chake, akatoka.

Ningependa angenitukana! Ningekuwa na la kujibu.

Nikaja nyumbani nikatapika. Taher anasema ni keki, alijua, krimu juani. Nimemwachia aamini keki.

Jumanne, 14 Agosti

Nimemuuliza Taher nyumba hii ni ya nani.

Alikuwa anachambua majani ya mlukhia juu ya gazeti. Akasema: ya benki miaka ishirini, halafu ya paka.

Nikamwambia sitanii. Jina la nani? Akasema lake, kwani sijui, tulipoandikishana hakukuwa na swali lolote wakati ule, watu walioana tu. Nikamwambia na mshahara wangu ulilipa nusu. Akaniangalia sasa. "Nusu? Zaidi ya nusu. Nilikuwa sina kazi ule mwaka bandari iliposimama." Kisha akacheka: "Kwani nani kakufukuza, Naziha?"

Hakuna aliyenifukuza. Ana haki. Ni mtu mwema, na ningemwacha leo angenifungia chakula cha njiani. Lakini nimezunguka vyumba vyote vinne leo, nikigusa milango, na nimeona kwamba nakaa hapa kwa wema wake. Sijawahi kuliona hilo. Na ningeweza kumkinga mtoto wa watu na jambo hili kwa sentensi moja, kwa sauti.

Nikamwambia Taher yote. Mwanzo mpaka mwisho, na ile "kawaida tunauliza." Akaacha mlukhia. Akasema: "Basi vuka barabara, mwambie Zakia. Hatua thelathini."

Nikasema kesho.

Alhamisi, 16 Agosti

Jana sikuvuka. Kulikuwa na wageni kwa Hajja Zakia: kaka yake Anis kafika, gari la Ufaransa limeziba njia nzima, magodoro juu ya paa lake.

Leo asubuhi foleni ya mkate. Anis mbele yangu. Kakonda. Kanipa zamu yake, nikakataa, akasisitiza. Kisha akasema chini chini, macho kwenye viatu vyangu:

"Lalla. Ulituuliza?"

Swali la moja kwa moja, la kijana mwenyewe, na jibu lake ni neno moja. Nyuma ya meza mke wa mwokaji kaacha kuhesabu mikate. Wanawake wawili na vikapu vyao wamesogea. Nikawaona wote. Nikaona na utepe, sijui kwa nini, ukining'inia kabatini.

"Njoo ofisini Jumatatu, mwanangu, tuzungumze kwa utulivu."

Jumatatu! Karamu Jumapili! Jumatatu msichana atakuwa ameshaingia nyumba ya mama mkwe, na atamwambia nani tena aandike upya?

Na Anis — hili ndilo siwezi kulitoa machoni — Anis alishusha pumzi. Alifurahi! Akasema asante Lalla, Mungu akuweke. Hakutaka nimwambie. Nilimpa ruhusa ya kuwa mwoga, akaipokea kwa mikono miwili. Tukatoka dukani tumebeba mikate yetu kama wezi wawili waliogawana.

Mke wa Beshir muuza rangi amempigia simu dada yangu: Wided hali. Baba yake amemwambia asimtie aibu kwa nyumba ambayo hata haijanunuliwa. Hina wamempaka leo kwa nguvu ya shangazi zake. Anasema kama hakuna atakayesema kweli, yeye Jumapili hatoki chumbani.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimepata njia! Mbona sikuiona?

Kesho kuna ndoa nne. Nitauliza. Wazi, kama Jumamosi ile ya kwanza, kila neno. Ukumbi mzima utasikia. Jioni mji mzima utasema: Lalla Naziha huwa anauliza. Basi hata la Wided litatulia — watu watasema bila shaka aliulizwa, hakusikia tu kwa vigelegele, maskini, bahati mbaya, si kosa la mtu. Hata Wided mwenyewe huenda akaanza kuwa na shaka.

Nimeisoma hiyo sentensi ya mwisho tena.

Naiacha. Na iwepo. Mtu kama mimi ana haja ya kuona mwandiko wake mwenyewe. Lakini kesho nitafanya hivyo hivyo, najijua.

Jumamosi, 18 Agosti

Naandika nikiwa ofisini kwa Moncef, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Niandike haraka.

Ndoa ya kwanza ilikuwa wajane wawili, watu watano tu ukumbini. Nikauliza. Wakacheka, wakasema kila mtu na meno yake. Nikapata moyo.

Ya pili, ukumbi umejaa pomoni. Bwana harusi mpwa wa mwokaji mikate; kwa hiyo mtaa wetu wote upo. Hajja Zakia yupo, safu ya pili, na kipepeo chake cha mkono. Nikasimama, nikanyoosha utepe, nikasoma. Nilipofika pale nikainua uso. Nikainua na mkono, ili wanawake wa nyuma wasianze.

"Mali zenu ziwe za pamoja, au kila mtu na chake?"

Moncef akaninong'oneza: Lalla, unatuua. Bwana harusi akamtazama baba yake. Nami nikangoja, na ndani — siwezi kuificha — nilikuwa nimeridhika. Nilijua sauti imefika mpaka mlangoni.

Bibi harusi akasema, sauti ndogo: "Hilo ni swali? Naruhusiwa kujibu?"

"Bila shaka, binti yangu. Huwa tunauliza kila mtu."

Huwa tunauliza kila mtu. Nilisema hivyo. Ulikuwa mpango wangu, na niliusema vizuri.

Kutoka katikati ya ukumbi mtu akasema: "Mimi hukuniuliza."

Mwanamke kijana, kitambaa cha kijani. Nilimwozesha mwezi wa saba, sikumbuki jina. Hakupiga kelele. Alisema kama anayekumbuka ameacha jiko likiwaka. Mumewe akamvuta mkono akae. Hakukaa. Mwingine dirishani: "Hata mimi." Kisha mwingine, mwenye kitoto kwapani: "Mimi nilisikia vigelegele tu! Mama, si uliniambia ni maneno ya serikali?" Mama yake anamnyamazisha, naye anazidi kuuliza. Wanaume wanasimama. Mjomba mmoja anavaa koti. Mke wa mwokaji akageuka, akamtazama Hajja Zakia, akasema mbele ya wote: "Hajja, wewe si ulituambia kasema aliuliza wazi?"

Hajja Zakia akafunga kipepeo. Akanitazama. Nilitegemea hasira. Haikuwa hasira. Alikuwa mzee ghafla, mtu aliyeapa mtaani kwa ajili ya mwingine na sasa anamwona alivyo.

"Lalla Naziha," akasema, "mimi niliapa kwa neno lako."

Nikasema samahani kidogo. Nikasema feni, joto, dakika moja. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikaingia humu, nikazungusha ufunguo.

Wako koridoni sasa. Nasikia viatu, na kitoto kinalia. Meya amepiga simu mara tatu, sijapokea. Maharusi bado wako mezani kalamu mkononi, hawajasaini, na hawawezi, kwa sababu utepe ninao mimi.

Moncef anaongea kwenye tundu la ufunguo. Anasema korido imejaa. Anasema Anis kafika na kaka yake. Anasema mtu kampigia simu Wided, na Wided amekuja, mikono yake ya hina, na viatu vya nyumbani. Anataka neno moja tu na mimi. Amwambieje?

Nikajisikia nasema: "Mwambie nimetoka."

Ee Mungu. Hata sasa!

Na Moncef, ambaye hajawahi kujua kudanganya kwa sauti, akageuka akawatangazia wote: "Lalla anasema niseme ametoka."

Wakacheka. Korido nzima. Kisha kicheko kikaisha, na nikasikia kiti kikiburutwa mpaka mlangoni, karibu kabisa, na mtu akakaa. Sauti ya Wided, ya upole, hata haigombi:

"Mwambie asiwe na haraka. Mimi kusubiri swali nimeshazoea."

Anis anasema kitu, simsikii. Kiti cha Wided hakisogei.

Ufunguo uko upande wangu. Moncef anagonga tena —